Upepo wa Tairi na Swali la Kiasi

Gari hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya matairi. Kazi kubwa ya mpira, nyuzi na waya wa tairi ni kuuzuia upepo huo usitoke; mzigo wenyewe hukaa juu ya hewa. Ndiyo maana fundi pancha akishaziba tundu hubaki na swali moja: ajaze ngapi? Kwenye lami jibu lipo karibu, kwani watengenezaji wa gari hubandika kwenye fremu ya mlango wa dereva kibao kinachotaja kipimo cha matairi ya mbele na ya nyuma. Nje ya lami jibu huyumba. Gari lile lile linalotakiwa PSI 35 (pauni kwa kila inchi ya mraba) barabarani huvuka mchanga mkavu likiwa na PSI 16. Aliyeandika kibao hakukosea, na dereva aliyepunguza upepo naye hakukosea.

Hapo swali la ufundi hugeuka swali la falsafa. Ikiwa namba mbili, moja ikiwa chini ya nusu ya nyingine, zote ni sahihi, usahihi ni nini? Je, kiasi ni kitu kilichopo kweli, ambacho mtu hukipata au hukikosa, au ni jina tu la yale ambayo kila mtu ameyazoea? Swali hili lina umri mkubwa kuliko tairi. Wanafikra wa Ugiriki, India na ulimwengu wa Kiislamu walilijadili kwa mifano ya chakula, nyuzi za ala za muziki, hasira, ushujaa na ibada. Tairi kama mfano lina faida yake: kosa huonekana upesi, na ardhi haimstahi mtu.

Upepo unavyofanya kazi

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Eneo la tairi linalogusa ardhi ni takriban uzito uliolilalia ukigawanywa kwa presha ya upepo uliomo. Gari lenye uzito wa tani 2.4 pamoja na mzigo huweka kilo 600 hivi kwenye kila gurudumu. Kwa PSI 35, yaani karibu kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, kila tairi hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 240 hivi. Presha ikishushwa hadi nusu, eneo hilo huwa maradufu. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya mzigo, lakini mwelekeo wake haubadiliki: upepo ukipungua, uzito ule ule hutandazwa juu ya ardhi kubwa zaidi. Tena alama ya tairi hurefuka kwenda mbele na nyuma zaidi kuliko inavyopanuka kando.

Kwenye mchanga mkavu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gari litapita au litakwama. Tairi gumu huzama, husukuma tuta la mchanga mbele yake, na kila dereva anapoongeza moto ndipo linapochimba shimo lake. Tairi lililopunguzwa huelea juu. Kwenye mawe, tairi laini hulikumbatia jiwe badala ya kurushwa nalo, na hushika vizuri zaidi. Kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi, hupunguza mtikisiko unaolegeza boliti na kuchosha mwili. Tope lina mambo mawili: likiwa jepesi juu ya ardhi ngumu, tairi lenye upepo wa kutosha hupasua hadi chini na kupata pa kukanyaga, likiwa refu lisilo na sakafu, ulaini husaidia.

Kupunguza nako kuna gharama. Ukuta wa tairi laini hukunjwa na kukunjuliwa katika kila mzunguko, na mpira unaokunjwa hutoa joto. Kwa mwendo mdogo joto hilo hupotea hewani. Kwa mwendo mkubwa hujilimbikiza ndani mpaka tabaka za tairi ziachane. Kona kali inaweza kuliondoa tairi kwenye rimu. Kuta zilizotuna hujitokeza nje na kukaribisha ncha za mawe, na tumbo la gari husogea karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo upepo mdogo haukubaliki bila mwendo mdogo.

Wenye magari ya magurudumu manne yanayovuta hutumia viwango vinavyofanana karibu kila mahali: PSI 26 hadi 30 kwa changarawe, 18 hadi 22 kwa mawe, 15 hadi 18 kwa mchanga, na 10 au 12 pale tu gari lilipokwishazama na linatakiwa kutolewa polepole. Vipimo hivi huchukuliwa tairi likiwa baridi, kwani upepo wa tairi la gari hupanda kwa karibu PSI 1 kwa kila nyuzijoto 6 zinazoongezeka. Aliyepima alfajiri na aliyepima adhuhuri baada ya safari wanaweza kusoma namba tofauti kwenye tairi ambalo hakuna aliyeliongeza wala kulipunguza.

Baiskeli na imani ya ugumu

Tairi la upepo lilisajiliwa kwa mara ya kwanza na Robert William Thomson mwaka 1845, likasahaulika, kisha likazaliwa upya mwaka 1888 kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, aliyeanza kwa kulifunga kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Lengo la mwanzo lilikuwa ulaini. Lakini kadiri mashindano yalivyokua, waendesha baiskeli walijenga imani ya kinyume, kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Imani hiyo ilikuwa na ushahidi wake. Tairi likizungushwa maabara juu ya ngoma laini ya chuma, kila upepo unapoongezwa ukinzani hupungua.

Ardhi halisi si ngoma ya chuma. Kwenye changarawe tairi gumu haliwezi kumeza kokoto; hulipanda na kulishuka, na baiskeli yote pamoja na aliyeketi juu yake huinuliwa na kuangushwa. Nguvu ambayo ingemsogeza mbele hupotea katika kuitikisa misuli yake. Vipimo vilivyofanywa barabarani vimeonyesha kwamba ukinzani hupungua hadi kipimo fulani, kisha hugeuka na kupanda, na kwamba kizingiti hicho huja mapema zaidi barabara inapokuwa mbaya zaidi. Maabara haikusema uongo. Ilijibu swali la ngoma, na watu wakalichukua jibu hilo kuwa la barabara.

Mwendesha baiskeli wa kilo 75 mwenye matairi ya upana wa milimita 40 kwa kawaida hupata kiasi chake kati ya PSI 30 na 40, gurudumu la mbele likiwa chini kidogo ya la nyuma kwa kuwa hubeba uzito mdogo zaidi. Akishuka mno, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Asiyetumia tyubu ameondokana na kosa hilo, lakini rimu yake bado inaweza kupasuka kwa jiwe. Njia nayo ina neno lake. Vilima vya Flint Hills huko Kansas, Marekani, yanakofanyika mashindano ya Unbound Gravel, vina jiwe gumu lenye makali linalochana matairi. Maasai Mara nchini Kenya, ambako Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021, ina changarawe na udongo mweusi unaogeuka gundi ukinyeshewa. Mtu mmoja, baiskeli moja na matairi yale yale yatahitaji upepo tofauti katika sehemu hizo mbili.

Katikati isiyo nusu

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba wema wa tabia ni hali ya katikati baina ya maovu mawili, moja la kuzidi na jingine la kupungua. Ushujaa umekaa kati ya woga na ujasiri wa kijinga. Ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliuingiza mpango huo katika maelezo yake ya tabia njema katika Uislamu. Fundisho hili mara nyingi hueleweka vibaya, kana kwamba linamwamuru mtu asimame nusu ya njia katika kila jambo.

Aristotle mwenyewe alilizuia kosa hilo kwa mfano wa chakula. Ikiwa mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni nyingi na mina 2 ni kidogo, haifuati kwamba mwalimu wa michezo amwandikie kila mtu mina 6. Kwa Milo, mpiga mieleka maarufu, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Katikati ya namba ni moja kwa wote. Katikati ya tendo hutegemea mtendaji na hali yake.

Tairi huonyesha jambo hilo bila maneno mengi. Tairi lililoandikwa ubavuni kwamba lisizidi PSI 44 lina nusu yake, PSI 22. Namba hiyo ni kubwa mno kwa mchanga mwororo na ni ya hatari kwa gari lililojaa linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye lami. Anayechagua nusu kwa kuamini kwamba nusu ndiyo salama amekosa pande zote mbili. Kinachotafutwa ni upepo unaofaa kwa uzito huu, juu ya ardhi hii, kwa mwendo huu, na mtu akibadilisha kimoja kati ya hivyo vitatu jibu nalo husogea.

Aristotle aliongeza kwamba maovu mawili hayako mbali sawasawa na wema. Woga uko mbali na ushujaa kuliko ulivyo ujasiri wa kijinga, na kwa hiyo asiyeweza kulenga katikati barabara ni heri aelemee upande wenye ubaya mdogo. Upande huo haukai mahali pamoja siku zote. Juu ya lami kosa la hatari ni ulaini, kwani joto hukua bila kuonekana hadi tairi lipasuke. Mwenye shaka aongeze. Juu ya mchanga kosa linalokwamisha ni ugumu. Mwenye shaka apunguze, na mwendo pia. Juu ya changarawe mwendesha baiskeli hupoteza zaidi kwa kuzidisha kidogo kuliko kwa kupunguza kidogo, mpaka afike pale rimu inapoanza kugonga.

Kutegemea hali si kubahatisha

Kuna pingamizi la kweli hapa. Ikiwa kiasi hutegemea uzito, ardhi na mwendo, basi kila mtu ana chake, na hakuna wa kumwambia mwenzake kuwa amekosea. Methali mbili za Kiswahili zinaonekana kuliunga mkono pingamizi hilo: kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayenakili namba ya jirani bila kuuliza gari la jirani limebeba nini ndiye hasa anayeonywa na methali ya pili.

Lakini kutegemea hali ni jambo moja, na kutegemea maoni ni jingine. Dereva mwenye PSI 35 kwenye mchanga wa matuta anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba atapita, lakini mchanga utammeza. Uzito wa gari, ulaini wa ardhi na mwendo ni mambo yaliyopo, apende asipende. Kiasi kikifungwa na mambo hayo kinakuwa chake kwa sababu gari na njia ni vyake, wala si kwa sababu amekichagua. Mtu mwingine mwenye gari kama hilo mahali hapo angefungwa na jibu lile lile.

Historia ya jangwa ina mfano wa hali kama hiyo. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, alivuka matuta ambayo wengi waliyahesabu kuwa hayapitiki kwa gari, na kupunguza upepo wa matairi kulikuwa miongoni mwa mbinu zilizofanya hilo liwezekane. Jangwa halikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kulikanyaga. Mwaka 1942 Wamarekani walitengeneza gari la nchi kavu na majini lililoitwa DUKW, ambalo dereva wake aliweza kuongeza na kupunguza upepo akiwa kwenye usukani, alipotoka baharini kuingia ufukweni na ufukweni kuingia barabarani. Mashine iliondoa taabu ya kushuka na kuinama, lakini bado haikumwambia dereva lini ageuze swichi.

Aristotle alikuwa na mfano mwingine unaofaa mahali hapa. Waashi wa kisiwa cha Lesbos, alisema, walitumia rula ya risasi iliyojipinda kufuata umbo la jiwe. Aliutaja alipoeleza uadilifu unaorekebisha sheria pale ambapo sheria, kwa kuwa imeandikwa kwa wote, inamkosa huyu mmoja. Rula inayojipinda bado ni rula, kwa kuwa hupima. Tairi lililolainishwa nalo bado ni tairi: limelifuata jiwe ili lisogee, na kama lingelegea kabisa lisingesogea hata hatua moja.

Neno kiasi lenyewe lina ushahidi wake. Limetokana na Kiarabu qiyas, kupima kitu kwa kitu kingine, na katika sheria ya Kiislamu qiyas ni njia ya kulihukumu jambo jipya kwa kulilinganisha na jambo linalojulikana hukumu yake, kwa sharti kwamba sababu ya hukumu ipo katika yote mawili. Sharti hilo ndilo linalomtenganisha anayejua na anayekariri. Aliyekariri kwamba mchanga ni PSI 16 atapunguza pia kwenye ufuo uliolowa maji yanapokupwa, ingawa mara nyingi mchanga huo umeshikana na kukaza. Anayejua kwamba sababu ya kupunguza ni ulegevu wa ardhi huuliza kwanza kama ulegevu upo. Jedwali la namba lina thamani kama hukumu zilizokwishatolewa zilivyo na thamani kwa kadhi: ni pa kuanzia, na kazi iliyobaki ni kutambua kama sababu zinafanana.

Ruhusa ya msafiri

Fikihi ya Kiislamu hutofautisha hukumu ya asili, azima, na rukhsa, yaani wepesi unaotolewa kwa sababu ya dhiki au hali maalumu. Ndiko Kiswahili kilikopata neno ruhusa. Mfano unaojulikana sana ni sala ya msafiri. Adhuhuri, alasiri na isha, zenye rakaa nne, zinaweza kusaliwa mbili. Alfajiri na magharibi hazipunguzwi. Safari ikiisha, ruhusa nayo huisha, na rakaa hurudi nne.

Kupunguza upepo kuna umbo hilo hilo. Kibao cha mlangoni ndicho asili, na mchanga ni sababu ya wepesi. Wepesi huo haupunguzi kila kitu: mzigo unaozidi uwezo wa tairi haupati ruhusa yoyote, wala mwendo wa kasi. Mwisho wake ni pale sababu inapokwisha, magurudumu yanapopanda lami. Hatari kubwa ya matairi laini haiko jangwani bali katika kilomita za kwanza baada ya jangwa, dereva anapofurahia kufika na kuongeza mwendo kabla ya kuongeza upepo. Ndiyo sababu kompresa huhesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya lazima: asiye na njia ya kurudisha upepo hana msingi wa kuutoa.

Ulinganisho huu una mpaka. Rukhsa ya ibada ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mja, na asiyeitumia hapati adhabu ya mchanga. Tairi halimhurumii mtu. Kinachofanana ni mantiki: kanuni na ruhusa zake hutumikia lengo moja, na ruhusa inayodumu baada ya sababu yake kuisha imekuwa uzembe.

Sikio, mkono na geji

Maandiko ya Kibuddha yanamtaja mtawa Sona, aliyetembea katika kutafakari kwa bidii iliyozidi mpaka nyayo zake zikatoka damu, akakata tamaa. Buddha alimkumbusha kwamba kabla ya utawa alikuwa mpigaji wa ala ya nyuzi. Nyuzi zikikazwa kupita kiasi sauti haiwi nzuri. Zikilegezwa kupita kiasi haiwi nzuri vilevile. Bidii nayo itafutiwe usawa wake.

Mfano huo unaongeza jambo ambalo mfano wa Milo hauna. Sona hakuhitaji kufundishwa kipimo cha nyuzi, kwa kuwa sikio lake lilikwisha kukijua. Ujuzi wa kiasi hukaa kwanza katika hisi zilizozoezwa, na maelezo huja baadaye. Dereva mzoefu husikia injini inavyolemewa kabla gari halijazama. Mwendesha baiskeli huhisi mikononi kwamba vishikio vinapigapiga. Aristotle aliuita ujuzi wa namna hii hekima ya matendo, na aliona kwamba vijana wanaweza kuwa hodari wa hesabu bila kuwa nayo, kwa kuwa huhitaji mambo mengi yaliyokwishaonwa. Kiswahili kina neno busara, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona.

Hata hivyo hisi hudanganyika. Kidole gumba kinachobonyeza tairi la gari hakitofautishi PSI 25 na 35, maana kuta za matairi ya sasa ni ngumu zenyewe. Mazoea nayo huifundisha hisi vibaya: vizazi vya waendesha baiskeli waliuhisi mtikisiko wa tairi gumu na kuuita kasi. Geji husahihisha kidole, safari husahihisha geji, na daftari la namba zilizofaa mahali fulani husahihisha kumbukumbu.

Mahali kiasi kinapokoma

Aristotle alikataa kwamba kila tendo lina katikati. Wizi, uzinzi na uuaji havina kiasi chema. Hakuna kuiba kwa wastani kunakofaa. Matairi pia yana mambo yasiyo na kiasi. Ukuta uliochanika, nyuzi zilizojitokeza na rimu iliyopasuka havina presha inayovifaa. Kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi si ushauri wa kupimwa na ardhi, wala kikomo cha bar 5 kilichowekwa kwa rimu za baiskeli zisizo na ukingo wa kushika tairi. Swali la kiasi huulizwa ndani ya mipaka hiyo, kwa tairi ambalo ni zima.